SOMO LA ROBO HII: KUANZA KAZI YA USAHIHISHAJI WA MAANDISHI



Chukueni sentensi moja ya taarifa ya mradi wa maji: "Fedha za bomba zililipwa." Mpiga chapa akiruka herufi "p", mfadhili atasoma: "Fedha za bomba zililiwa." Kompyuta haitashtuka, maana neno hilo nalo ni Kiswahili. Anayeokoa jina jema la kamati hapo ni msahihishaji, yaani msoma prufu.

Je, kijana wa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay aanzie wapi? Aanzie parokiani, kwa mihtasari na taarifa zetu wenyewe.

1. Vifaa. Kalamu nyekundu, rula na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981. BAKITA likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Wengi wetu tulianza na Kimatengo au Kinyasa nyumbani, hivyo penye shaka tufungue kamusi.

2. Kusoma mara tatu. Kwanza soma kupata maana. Pili fuata herufi, rula ikiwa chini ya mstari. Tatu kagua tarakimu peke yake, ukilinganisha na stakabadhi na daftari la mhazini. Mwenzako akusomee nakala ya awali kwa sauti.

3. Mipaka. Jumla isipolingana, usiirekebishe mwenyewe. Weka alama ya kuuliza pembeni, umrudishie mhazini. Kubadili hesabu kimyakimya ni kuficha kosa.

4. Kutafuta kazi. Tunza kurasa ulizosahihisha, kwa ruhusa ya wenyewe. Mkoa wetu una historia ya uchapaji: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na baadaye wakaanzisha kiwanda cha chapa. Peleka kurasa zako kwa wachapaji, shule na vyama vya ushirika vya kahawa. Patana malipo kwa ukurasa kabla ya kuanza.

Tuwe wakweli: mwanzoni malipo ni madogo, na wengi wataifanya kazi hii pamoja na kahawa au uvuvi. Lakini kijana aliyezoea kusoma kwa makini ni hazina kwa parokia nzima.

Maswali ya kujadili katika kamati:

(a) Nani husoma taarifa zetu kabla hazijatumwa?

(b) Je, tuko tayari kumlipa, hata kidogo?