Kidenmark Katika Simu

Vijana wetu wa Same na wa milimani Upare waweza leo kujifunza lugha ngeni kwa programu ya simu. Na tuiangalie lugha ya Denmark, nchi iliyopokea matengenezo ya Luther mwaka 1536.

1. Programu yafaa nini? Humrudishia mwanafunzi maneno machache kila siku, wala haimchoki akikosa. Basi ajifunze: jeg ni mimi, brød ni mkate, tak ni asante.

2. Ugumu u wapi? Kidenmark hakisomwi kama kiandikwavyo, si kama Kiswahili. Hun ni yeye mwanamke. Hund ni mbwa. Ile d haitamkwi. Sauti hukatwa kidogo kooni, basi. Asomaye kwa macho tu aweza kumwita mama wa watu mbwa.

3. Hesabu nazo zataka akili. 60 ni tres, yaani ishirini mara tatu. 50 ni halvtreds, yaani ishirini mara mbili na nusu.

4. Yatupasa nini? Ernst Kotz, mmisionari wa Waadventista, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, naye alikuwa amekaa kati ya Wapare. Programu hufungua mlango. Mwenye lugha ndiye atukaribishaye ndani.

Someni 1 Kor. 14:9–11. Kisha mjiulize: mgeni ajaye usharikani kwetu akijaribu Kiswahili, je, twamsahihisha kwa upole, au twamcheka?