Pesa ya mbegu isilale pamoja na pesa ya chumvi



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya kupanda kwa mistari, kuchagua mbegu na kutengeneza mbolea ya takataka. Leo tunaweka jembe chini kidogo na kufungua mfuko wa pesa. Wengine watauliza: waagronomi wanatafuta nini mu pesa ya nyumba ya watu? Tutajibu kwa yale tuliyoona kwa macho.

Mwezi wa tatu tulifika kwa nyumba moja upande wa Walungu. Shamba yao ya maharagi, ari 25, ilikuwa imelimwa vizuri sana, lakini mbegu haikuwamo. Kumbe mwezi wa kwanza walikuwa wamevuna vizuri na kuuza. Baba akatueleza: "Franga yote ilikuwa mu kitambaa moja. Tulilipa deni, tukauza bati mbili za nyumba, kisha mutoto akaugua. Kufika wakati wa kupanda, kitambaa iko tupu." Wakakopa kwa jirani kilo 25 za mbegu, kwa mapatano ya kurudisha kilo 50. Walipanda kwa kuchelewa, na mvua ikakatika maharagi yangali na maua.

Sisi tulikuwa tumekuja na kamba ya kupimia mistari. Siku ile kamba haikusaidia kitu. Watu wale si walevi, si wavivu. Deni lilikuwa la kulipa, nyumba ilikuwa inavuja, na mtoto hawezi kungoja. Shida ilikuwa moja: pesa ya kazi nne ilikaa mahali pamoja, na kazi inayopiga kelele kwanza ndiyo inayolishwa. Mbegu haipigi kelele. Ndiyo maana inaliwa ya kwanza.

Jambo tunalolijua tayari

Kutenganisha pesa si jambo geni kwetu. Wanamemba wa MUSO wanajua sanduku ya kijani, ambayo ni ya akiba na mikopo, na sanduku nyekundu, ambayo ni ya kusaidiana wakati wa ugonjwa ao kilio. Pesa inayotoka inje ya kikundi inaingia mu sanduku ya bluu. Hakuna anayetoa pesa ya nyekundu ili kumkopesha mchuuzi. Mukiulizwa, mutasema: "Ile ni ya kilio, haiguswi."

Basi tunauliza: kwa nini kwenye kikundi tuna sanduku tatu, na nyumbani tuna kitambaa kimoja?

Konti nne za nyumba

Tunapendekeza nyumba iwe na konti nne:

1. Konti ya shamba: mbegu, jembe, mbolea, vibarua wa kupalilia.
2. Konti ya masomo: minerivali, makaye, iniforme.
3. Konti ya ugonjwa: dawa na matibabu. Michango ya arusi haimo humu.
4. Konti ya nyumba: chumvi, mafuta, sabuni, makala, samaki.

Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba moja inavuna kilo 250 za maharagi katika ari 25, mavuno mazuri. Kabla ya kuuza hata kilo moja, wanatenga mbegu. Kwa maharagi mafupi, tukipanda sentimetre 40 kati ya mistari na 20 kati ya matundu, mbegu mbili kila tundu, ari 25 inaomba karibu kilo 25. Tuweke kilo 30 ili tusikose. Kilo 70 zinabaki za kula. Kilo 150 zinakwenda ku soko. Tuseme bei ni franka 2.000 kwa kilo: inatoka franka 300.000. Siku ileile, kabla ya kulala, zigawanywe:

- Shamba: 75.000
- Masomo: 90.000
- Ugonjwa: 45.000
- Nyumba: 90.000

Jumla ni 300.000. Kila nyumba itabadilisha hesabu hii kwa hali yake. Mwenye watoto wanne kwenye sekondari hatagawa kama mwenye watoto wadogo.

Tuangalie ile 90.000 ya nyumba. Kutoka mwezi wa kwanza mpaka mavuno ya mwezi wa sita ni kama juma 20. Ukigawanya, ni franka 4.500 kila juma. Basi siku ya soko tunatoa 4.500, hatuongezi. Ndizi, mayai na sombe tunazouza zitaongeza juu yake. Utasema: "4.500 ni kidogo sana!" Ni kweli, ni kidogo. Lakini ilikuwa kidogo tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba sasa tunaiona mwezi wa kwanza, wakati bado tunaweza kupanga. Zamani tuliiona mwezi wa tatu, njaa ikiwa tayari mulangoni.

Tuweke wapi?

Tusifungue konti nne za banki. Konti ina gharama, na gharama mara nne zitakula akiba ndogo. Kila konti ipate mahali panapofaa kazi yake:

- Mbegu iwekwe kama mbegu, si kama pesa. Bidoni mbili za litre 20, kavu na safi, zinabeba kama kilo 30. Kausha maharagi vizuri, jaza bidoni mpaka juu, funga kwa nguvu. Hewa ikikosekana, wadudu wanaotoboa maharagi wanakufa. Usifungue mpaka wakati wa kupanda.
- Pesa ya shamba na ya masomo inahitaji mahali pagumu kufikia: COOPEC pale inapofanya kazi, ao sanduku ya AVEC, ile yenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Muangalie tarehe ya kugawana ya AVEC yenu. Kama inafika nyuma ya kupanda, pesa ya shamba isiingie huko.
- Pesa ya ugonjwa ikae karibu: kwenye telefone, M-Pesa ao Airtel Money, sababu homa inakuja usiku. Mukumbuke kwamba kutoa pesa kunalipiwa. Kutoa kidogokidogo kunaimaliza.
- Pesa ya nyumba ikae nyumbani, mu kisanduku, kwa yule anayekwenda soko.

Kuna sababu nyingine ya kutoweka yote mahali pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 banki zilifunga milango Goma, kisha Bukavu, na watu walibaki na pesa kwenye konti bila njia rahisi ya kuitoa. Mwenye mbegu mu bidoni alipanda.

Bwana na bibi wakae chini

Konti nne hazitasimama kama mmoja tu ndiye anayejua. Tumeona nyumba ambamo bibi analima na kupalilia, lakini siku ya kuuza anaambiwa tu "pesa ilikwisha". Tumeona pia bibi anayeficha pesa kwa mama yake kwa kuogopa. Pande zote mbili zinajenga ukuta, na mbegu inapotelea katikati. Sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016: kanuni ya kwamba mke aombe ruhusa ya bwana kwa matendo ya sheria iliondolewa, sasa bwana na bibi wanatakiwa kupatana. Tunasema basi: kaye moja, kurasa nne, ukurasa mmoja kwa kila konti. Kila juma muandike pamoja kilichoingia na kilichotoka. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule atamsomea.

Kama ugonjwa unapita pesa yake?

Hili ndilo swali gumu, na mama mmoja alituuliza wazi: "Mutoto yangu anakufa, mimi niangalie bidoni ya maharagi?" Hapana, mama. Mtoto kwanza, daima. Lakini tufuate ngazi. Kwanza konti ya ugonjwa. Kisha sanduku nyekundu ya kikundi. Kisha pesa ya masomo, maana mara nyingi mwalimu mukuu anaweza kuongea juu ya kulipa kwa vipande. Mbegu iwe ya mwisho kabisa. Na konti moja ikikopesha nyingine, muandike mu kaye: kiasi gani, na itarudi lini. Deni lisiloandikwa halirudi, hata kama ni deni la nyumba kwa nyumba yenyewe.

Ile familia ya Walungu ilianza na bidoni tu. Msimu uliofuata mavuno yalikuwa madogo, na nusu ilikwenda kwa jirani, lakini bidoni moja ilijaa. Tulipopita tena, mama alitupeleka kuiona nyuma ya kitanda. Akagonga juu yake kwa mukono, akasema: "Hii haina ruhusa ya kuugua." Tulicheka wote. Na mwaka ule walipanda mvua ya kwanza.

Ya kuzungumza kwenye mukutano

1. Msimu uliopita, pesa ya mavuno yetu ilikwisha mwezi gani? Ilikwenda wapi?
2. Katika konti nne, ni ipi inayoibiwa mara nyingi na nyingine?
3. Koperative yetu inaweza kulipa memba kwa vipande viwili, kimoja siku ya kuuza na kingine siku ya kupanda?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mukutano ujao, kila memba atafute bidoni moja yenye kifuniko kizuri na kaye moja. Mulete kaye, bidoni ibaki nyumbani, ikiwa kavu.