UKISHIKWA NA MOYO NAWE UKO PEKE YAKO SHAMBANI

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu unakaribia, na wengi wetu tutashinda mashambani, pengine mtu peke yake, mbali na nyumba na njia ya gari. Yafaa kila mmoja ajue la kufanya akishikwa ghafla na maradhi ya moyo.

Moyo hulishwa kwa damu ipitayo katika mishipa yake wenyewe. Damu ikiganda na kuziba mshipa mmojawapo, sehemu ya nyama ya moyo huanza kufa. Kila dakika ina thamani.

Dalili zake ni kifua kubana au kulemewa kama aliyewekewa gunia. Maumivu kuenea mkononi, begani, shingoni au tayani. Jasho la baridi, kichefuchefu na pumzi kuwa fupi. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, huenda maumivu yasiwe makali. Usidhani ni kiungulia ukangoja jioni.

La kufanya ni hili:

1. Acha kazi papo hapo. Ukiwa juu ya mkarafuu, teremka polepole. Usingoje kumaliza tawi.

2. Piga simu 112, kisha jirani mwenye gari. Taja jina la shamba na njia ya kufikia. Simu isiposhika, piga ukelele.

3. Kaa chini, egemeza mgongo kwenye shina, kunja magoti, legeza nguo. Usijiendeshee pikipiki wala baiskeli. Ikiwa hapana simu wala wa kukusikia, ndipo ujikongoje hadi njia iliyo karibu, ukipumzika kila mara.

4. Ukiwa na aspirini, tafuna miligramu 300, usiimeze nzima. Huzuia damu isizidi kuganda. Asitumie anayedhurika nayo, mwenye kidonda cha tumbo kinachotoka damu, wala aliyekatazwa na daktari. Parasetamoli haifanyi kazi hiyo.

5. Maumivu yakitulia, nenda hospitali vivyo hivyo.

Tangu 1999 imeenea habari kwamba mtu aliye peke yake akikohoa kwa nguvu mfululizo ataokoka. Chama cha Moyo cha Marekani hakikubali mafundisho hayo. Mwenye kukohoa hivyo hupoteza wakati wa kuita msaada. Wala mafuta ya karafuu, tunayoyajua kwa jino, hayazibui mshipa wa moyo.

Basi kabla ya kwenda shamba, waambie watu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi lini, ijaze simu moto, na aliyeruhusiwa na daktari aweke aspirini mfukoni. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa ajili ya msimu. Karafuu iliyobaki mtini itachumwa na mwingine; roho haina wa kuirudisha. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama