Francisco Hakusikia: Somo la Imani Kutoka Filamu ya Fatima



Wengi wetu tunaifahamu filamu ya The Miracle of Our Lady of Fatima, iliyoongozwa na John Brahm na kutolewa mwaka 1952. Inasimulia jinsi Bikira Maria alivyowatokea watoto watatu wachungaji huko Cova da Iria, Ureno, kuanzia tarehe 13 Mei hadi 13 Oktoba 1917. Watoto hao ni Lúcia, aliyekuwa na miaka 10, na binamu zake wadogo, Francisco na Jacinta. Sisi tunaosoma filosofia tunaitazama tukiwa na swali: mtu anaaminije jambo ambalo hakulishuhudia mwenyewe?

1. Hugo, rafiki mwenye mashaka

Katika filamu yumo Hugo da Silva, aliyeigizwa na Gilbert Roland. Anawapenda watoto, lakini mambo ya dini hayampi usingizi wala hayamkoseshi. Hugo hakuwahi kuwepo. Ametungwa na waandishi wa filamu. Kazi yake ni kumwakilisha mtazamaji anayesema, "Nikiona nitaamini." Hatari ni kwamba tukimfuata Hugo peke yake, tunaweza kudhani imani yote inasubiri muujiza wa jua.

2. Francisco, aliyeona bila kusikia

Historia yenyewe inatufundisha zaidi. Kadiri ya kumbukumbu za Lúcia, yeye alimwona Bibi, akamsikia na kuzungumza naye. Jacinta aliona na kusikia. Francisco aliona tu. Hakusikia neno lolote. Ilimbidi awaulize wenzake, "Amesema nini?" Walipomwambia kwamba anapaswa kusali Rozari nyingi, alikubali kwa furaha.

Hata mmoja wa walioona, basi, aliishi kwa ushuhuda wa wengine. Mtume Paulo anafundisha kuwa imani chanzo chake ni kusikia (Rum 10:17). Francisco alisikia kupitia kinywa cha dada yake na binamu yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anaeleza kuwa kuamini ni tendo la akili inayoukubali ukweli wa Mungu, ikiongozwa na utashi uliosukumwa na neema. Akili haizimwi, inapokea kutoka kwa shahidi anayeaminika.

3. Jaribu la Agosti

Tarehe 13 Agosti mtawala wa wilaya aliwachukua watoto na kuwazuia wasifike Cova da Iria. Lúcia anakumbuka kwamba walitishiwa kutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Wakati huo muujiza wa jua ulikuwa bado. Walikuwa na ahadi tu. Hata hivyo hawakukana walichokiona. Hapo, kabla ya umati wa Oktoba, ndipo tunapoiona imani yao.

4. Kanisa linasemaje?

Mwaka 1930 Askofu wa Leiria alitangaza kuwa matokeo hayo yanastahili kuaminiwa. Katekisimu (na. 67) inafafanua kuwa ufunuo wa binafsi hauongezi kitu katika Ufunuo wa Kristo, bali hutusaidia kuuishi. Francisco alifariki mwaka 1919 na Jacinta mwaka 1920. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 13 Mei 2017. Utakatifu wao haukutokana na kuona tu, bali na namna walivyoitikia.

5. Nasi je?

Tukiwa wakweli, wengi wetu hatukusikia sauti yoyote ikituita seminarini. Tuliambiwa na mama, katekista au paroko: "Mwanangu, nadhani Mungu anakutaka." Zipo pia siku tunazosali kanisani tukakutana na ukimya mtupu, kisha tunaingia darasani kujifunza hoja za wanaokana kuwepo kwa Mungu. Siku hizo Francisco ni ndugu yetu. Ukimya aliokutana nao haukumfanya aache Rozari.

Maswali ya kutafakari

Ni nani aliyekuwa masikio yako katika safari ya imani? Je, mtoto akikuletea jambo zito, utamsikiliza kabla ya kumhukumu?

Watakatifu Francisco na Jacinta, mtuombee.