Vumbi la Nyumbani: Tulihamishe au Tulikamate?



Hapa Saza kiangazi kikishika, vumbi ni mgeni asiyepiga hodi. Linaingia na upepo. Linaingia na pikipiki zinazopita. Linaingia na nguo za baba anayetoka kwenye karasha. Mama anafagia asubuhi, na mchana meza ina vumbi tena.

Juzi mama mmoja alileta darasani mashine aliyonunuliwa na mwanawe kule Tunduma. Ni kifyonza vumbi kisicho na waya, kinatumia betri ya kuchaji. Akauliza, "Mwalimu, hiki kitanifaa, au mwanangu katupa hela?" Tukakifungua, tukakichunguza. Na wewe msomaji, karibu tujifunze.

Mashine inafanyaje kazi?

Ukinywa soda kwa mrija, unavuta hewa kwanza, kisha soda inapanda. Mashine hii hufanya vivyo hivyo. Ndani kuna mota inayozungusha feni kwa kasi. Feni inasukuma hewa itoke nyuma. Hewa ya ndani ikipungua, hewa ya nje inakimbilia ndani na kubeba vumbi.

Ndani ya kikombe hewa inazunguka kama kisulisuli. Chembe nzito zinatupwa pembeni na kuanguka chini. Chembe laini zinakutana na chujio, kama majani ya chai kwenye kichujio. Hewa inatoka, vumbi linabaki.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth aliona mashine ya usafi iliyokuwa inapuliza vumbi. Yeye akafikiri kinyume. Aliweka kitambaa juu ya kiti, akavuta hewa kwa mdomo. Vumbi likanasa kwenye kitambaa. Hapo ndipo penye somo letu: kupuliza ni kuhamisha vumbi, kuvuta kupitia kitambaa ni kulikamata.

Inafaa wapi?

Inafaa kwenye sakafu ya saruji, mkeka, kochi na godoro. Kwa kuwa haina waya, unaibeba chumba hadi chumba, na unaitumia hata umeme ukikatika. Lakini betri haidumu sana; mara nyingi ni chini ya saa moja.

Haifai kwenye sakafu ya udongo. Itakula sakafu yenyewe! Kikombe kitajaa na chujio litaziba mara moja. Isitumike pia kwenye majivu yenye moto. Na kama ina chujio hafifu, vumbi laini litatoka kwa nyuma na kurudi puani mwako.

Vumbi lisiloonekana

Tuliposema hivyo, yule mama akatulia kidogo. Kisha akasema, "Baba watoto anakohoa tangu mwezi uliopita. Yeye anasaga mawe."

Ndugu zangu, Saza ni nchi ya dhahabu tangu enzi za mkoloni. Dhahabu yetu imo ndani ya jiwe gumu jeupe liitwalo kwatzi. Likisagwa kavu, linatoa vumbi laini mno. Chembe zaidi ya 10 zinaweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Chembe hizo zinafika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Tena, mwenye ugonjwa huo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu chenyewe huletwa na vijidudu, si vumbi, nacho kinatibika.

Tukamwambia mama: kikohozi cha wiki mbili au zaidi si kazi ya mashine. Baba aende kituo cha afya akapimwe. Kwenye vituo vya serikali, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Tufanye nini, tuwe na mashine au tusiwe nayo?

1. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Vumbi lililolowa haliruki.
2. Futa meza na madirisha kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikavu kinahamisha vumbi tu.
3. Nguo za karasha zisiingie ndani. Zivuliwe nje na kulowekwa. Usizikung'ute mlangoni.
4. Kwenye karasha, lowesha mawe wakati wa kusaga. Watoto wakae mbali. Kitambaa cha kawaida puani hakizuii vumbi laini.
5. Kikombe cha mashine kimwagwe nje, taratibu, watoto wasiwe karibu. Kama chujio ni la kuoshwa, lioshe na ulikaushe kabisa kabla ya kulirudisha.
6. Zebaki ikimwagika, usiifyonze kwa mashine wala kuifagia. Mashine itasambaza mvuke wake wenye sumu nyumba nzima. Ondoa watoto, fungua madirisha, muite Bwana Afya.

Je, mwana alitupa hela? Hapana. Sebule ya mama yule ina saruji na makochi, kwa hiyo mashine itamsaidia. Jikoni kuna udongo. Huko ataendelea na ufagio na maji. Wiki iliyofuata alikuja darasani akasema, "Mwalimu, baba watoto amekwenda kupimwa." Darasa zima likapiga makofi.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kuhamisha vumbi na kulikamata?
2. Kwa nini kifyonza vumbi hakifai kwenye sakafu ya udongo?
3. Nyumbani kwako, nguo za kazi zinavuliwa wapi? Mtabadili nini wiki hii?
4. Kijijini kwenu nani anakohoa muda mrefu na bado hajapimwa? Mtamshawishije aende?