Dondoo Muhimu: Chunusi Majira Yabadilikapo Kolwezi

Kiangazi cha Kolwezi kinapoelekea ukingoni, na joto la Septemba na Oktoba kuitangulia mvua, ngozi iliyokaushwa na baridi ya Juni na Julai hukabiliwa ghafla na jasho na vumbi jekundu, na chunusi huzidi kwa wengi.

Aliye na dhiki hiyo na aoshe uso kwa sabuni laini asubuhi na jioni, bila kusugua. Na mchimbaji arejeapo kutoka zamu asafishe pia ukanda wa kofia yake ya kazi, kwa kuwa msuguano na jasho huzusha chunusi kipajini na kidevuni.

Lakini nausia kwa moyo wote: tahadharini na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake zimetiwa klobetasoli, dawa itulizayo uso kwa muda, kisha ikaleta chunusi zake yenyewe na kuidhoofisha ngozi. Aliyekwisha kuizoea amwone tabibu kabla ya kuiacha.

Kwa kutibu chunusi, dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 yatosha kuanzia. Ipakwe usiku, kwa subira ya wiki 6 hadi 8, na aliyeipaka alalie mto wenye foronya nyeupe, maana huchujua rangi ya nguo. Mjamzito asitumie tretinoini, dawa nyingine ya chunusi.