Nani Kaona kwa Macho Yake?

Mdogo wangu wa Ngao, barua yako imefika. Saa nne usiku sauti iliingia kwenye grupu la WhatsApp: bwawa la Masinga limepasuka, hameni! Ukamwamsha mama mkwe, mkafunga magodoro na masufuria, kuku wakatiwa tengani, mkakesha barabarani mkiliwa na mbu. Kulipokucha, Mto Tana uko pale pale. Sasa unaona haya kwenda hata sokoni. Haya ya nini, mwenzangu? Nusu ya kijiji ilikuwa nawe barabarani.

Lakini nitakugombeza kidogo. Ile sauti ilikuwa ya nani? Hukuuliza. Ukaituma kwa grupu la kanisa na la chama, kisha ndipo ukaanza kutafuta viatu.

Maji ya Masinga na ya mabwawa mengine ya Seven Forks hayafiki kwetu kwa usiku mmoja. Hupita Garissa, yakapita Hola, safari ya siku kadhaa, ndipo yaione Garsen. Una shangazi Hola? Mpigie. Akikwambia maji yameshafika kwenye mwembe wake, huyo mwamini kuliko grupu zima, kwa kuwa yeye anayaona. KenGen, wanaoendesha mabwawa hayo, hutangaza yakifurika, Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, Msalaba Mwekundu na chifu wanajulikana walipo. Wakisema hao, hama mapema, usibishe. Mwaka 2018 na 2024 mafuriko yalikuja kweli. Hofu yangu ni hiyo: ukishadanganywa mara tatu, ya nne itakuwa ya kweli na wewe utageuka upande wa pili ulale.

Na huo ni uvumi wa magodoro tu. Kuna uvumi wa mapanga. Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mauaji kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma yakaendelea hadi Januari 2013. Ugomvi wa maji na malisho ni wa zamani, lakini neno la “wanakuja usiku huu”, likipita nyumba hadi nyumba, humtia mtu silaha mkononi kabla hajauliza nani kaona. Ndiyo maana baadaye ukaletwa hapa kwenye delta ya Tana mradi wa Una Hakika: ulikuwa ukisikia jambo, ulituma ujumbe, lilifuatiliwa, ukarudishiwa jibu.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wanisamehe, lakini hiyo usiingie nayo kwenye simu. Shika ile nyingine: za kuambiwa changanya na zako.

Mimi humpima mleta habari kwa jambo moja: akikosea, nitampata wapi? Redio ina jina na mlango wa kugonga. Ikikupotosha, lipo Baraza la Vyombo vya Habari la kupelekea malalamiko. Ile sauti ya saa nne utaishtaki kwa nani? Hata redio nayo, usisikilize moja tu kwa sababu mtangazaji anazungumza lugha ya kwenu. Wa kwetu pia hupotosha, tena sisi huwaamini upesi.

Basi leo, kabla hujalala, rudi kwenye yale magrupu mawili uandike: niliyowatumia hayakuwa kweli. Watakucheka, wacheke. Na sauti nyingine ikija isiyo na mwenyewe, naomba iishie kwako.